Wale mnaowaita "Wabizanti" hawakujiita hivyo hata siku moja

#1 Kasuku wa Bandarini (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi nilikuwa napitia daftari la historia la kijana wangu wa sekondari. Nikakuta ameandika: mwaka 1453 Waturuki waliuangusha Ufalme wa Bizanti. Nikamuuliza, hao Wabizanti walikuwa watu gani? "Watu wa Bizanti." Na Bizanti ndiyo wapi? Akaniangalia kama nimemuuliza saizi ya kiatu cha babu yangu. Nikamwacha aende zake, lakini mimi usingizi ukapaa, ndiyo maana niko hapa saa hizi.

Nisikilizeni. Ungemshika muuza samaki wa Konstantinopoli (Istanbul ya leo) mwaka 600, mwaka 900 au mwaka 1200 ukamuuliza yeye ni nani, angekujibu kwa Kigiriki: Romaios. Mrumi. Nchi yake aliiita Romania, yaani Urumi (msichanganye na Romania ya leo yenye Bucharest). Mtawala wake alikuwa Basileus ton Romaion, mfalme wa Warumi. Waarabu walimwita Rum, Waarmenia walimwita Horom. Majirani wengi wa mashariki walimjua kwa jina hilo, ila yupo jirani mmoja aliyelikataa kwa sababu zake. Huyo nitamfikia.

Walilipataje jina? Mwaka 212 kaisari Caracalla aliwapa uraia wa Kirumi karibu watu huru wote wa dola. Kuanzia hapo mkulima wa Anatolia (Uturuki ya leo) na mchuuzi wa Aleksandria ni Warumi kisheria, sawasawa na mtu aliyezaliwa Italia. Mwaka 330 Konstantino akazindua makao mapya juu ya mji mkongwe wa Kigiriki ulioitwa Byzantion. Mji ukaitwa Roma Mpya, watu wakauzoea kama Konstantinopoli. Mwaka 395 utawala ukagawiwa ndugu wawili, Arcadius mashariki na Honorius magharibi. Mwaka 476 kule Italia Odoacer akamng'oa kijana Romulus Augustulus, na mavazi ya kikaisari yakapelekwa Konstantinopoli kwa Zeno, kaisari wa mashariki, pamoja na ujumbe kwamba kaisari mmoja anatosha.

Haya, hapo Roma imekufa? Nyumba ya vyumba viwili ikibomoka chumba kimoja, anayelala chumba cha pili naye amehama?

Dola hiyo ikaendelea kuishi, ikapanda na kushuka, mpaka 29 Mei 1453. Miaka 104 baadaye, mwaka 1557, Mjerumani mmoja msomi, Hieronymus Wolf, aliyekuwa akifanya kazi kwa matajiri wa ukoo wa Fugger kule Augsburg, akatoa mkusanyiko wa maandiko yao ya historia akauita wa "Kibizanti". Wenyewe wamekwisha zikwa, nani angebisha?

Msimamo wangu: huu ni unyang'anyi wa jina. Karibuni tubishane, ila matusi kaeni nayo.

#2 Kashata na Tangawizi

Nimeweka kambi. Shusha nondo mkuu.

#3 Mangi Mtulivu

Samahani, mimi mgeni wa mambo haya. Hawa Waroma ni hawa wa RC? Maana kwetu Marangu ukisema "yule ni Mroma" kila mtu anajua Jumapili anasali wapi.

#4 Kasuku wa Bandarini

@Mangi Mtulivu umecheka cheka lakini umegusa penyewe. Ndiyo maana naandika Warumi, siyo Waroma. Mroma kwa Kiswahili chetu cha leo ni mfuasi wa Papa. Mrumi ni raia wa dola. Na Warumi ninaowasema hapa waligombana na Papa mpaka wakatengana naye kabisa. Wapiganaji wa Msalaba waliotoka magharibi ndio waliouteka mji wao mwaka 1204 na kuupora vibaya. Halafu angalia ajabu: waporaji hao walipogawana nchi, mkataba wao waliuita mgawanyo wa Romania. Siku ya kugawana mali jina halisi walilikumbuka.

#5 Mwalimu wa Zamu

Mleta uzi umeandika vizuri ila una moto kupita kiasi. Nimefundisha historia miaka mingi, nipe nafasi nikupunguze kasi.

Kwanza kichwa cha uzi wako kina kosa. Neno lilikuwepo. Mwandishi wa Konstantinopoli aliyetaka kuonyesha usomi wake aliweza kumwita mkazi wa mji huo Mbizanti, kwa kufuata jina la kale la mji. Lilikuwa jina la watu wa mji, ni kweli, halikuwa la taifa. Lakini "hata siku moja" ni kutia chumvi.

Pili, wanahistoria hubandika vibandiko ili wasipotee. Zama za Mawe, nani alijiita mtu wa Zama za Mawe? Dola iliyodumu zaidi ya miaka elfu moja huwezi kuizungumzia kwa pumzi moja. Roma ya Augusto ilisema Kilatini, iliabudu Jupita na makao yake yalikuwa kando ya mto Tiber. Dola ya mwaka 1100 inasema Kigiriki, ni ya Kikristo, na mji wa Roma haiumiliki. Kuiita kwa jina jingine kunamsaidia mwanafunzi. Kuna ubaya gani?

Tatu, jina kupachikwa na mtu wa nje si dhambi. Sisi tunaozungumza lugha hii tunaitwa Waswahili, neno la Kiarabu lenye maana ya watu wa mwambao. Mtu wa Lamu ukimuuliza kwao, atakwambia yeye Mwamu. Wa Mombasa atasema Mvita. Mbona hatulii?

#6 Kasuku wa Bandarini

@Mwalimu wa Zamu la kwanza nakubali, kichwa nimekitia pilipili. Kibaki kama ushahidi wa makosa yangu.

La pili hapana. Lugha? Mtume Paulo alikuwa mtu wa Tarso, na walipotaka kumchapa mijeledi aliwaambia wakuu wa askari kwamba yeye ni Mrumi, tena wa kuzaliwa. Wakamwogopa. Hakuna aliyemuuliza "mbona hujui Kilatini". Na waraka wake kwa Warumi, waliokaa Roma yenyewe, aliuandika kwa lugha gani? Kigiriki! Nusu ya mashariki ya dola ilisema Kigiriki tangu siku ya kwanza ilipotekwa. Kaisari Justiniano wa Konstantinopoli, ambaye Kilatini ndicho alichonyonya kwa mama yake, mwaka 535 alitoa sheria akieleza kwamba anaiandika kwa Kigiriki badala ya lugha ya wazee ili watu wote waielewe. Hiyo ni serikali inayojua raia wake wanaongea nini, basi. Dini? Konstantino alikuwa kaisari wa Roma, na Ukristo uliingia ikulu Roma ikiwa bado nzima. Mbona hatuandiki kwamba Roma ilikufa pale alipobatizwa?

Mji? Mji mkuu ulihama kabla magharibi hayajaanguka. Hata kaisari wa magharibi miaka ya mwisho alikaa Ravenna.

La tatu ndilo lenye uzito, nalijibu kwa kisa.

Mwaka 968 askofu mmoja wa Italia, Liutprand wa Cremona, alitumwa Konstantinopoli na mfalme Otto wa Ujerumani kuposa binti wa kifalme. Sasa huyu Otto miaka sita nyuma alikuwa amevikwa taji na Papa akaitwa kaisari wa Warumi. Fikiria posa hiyo inavyoanza. Ukweni kwenyewe wanajua kaisari wa Warumi ni mmoja, naye yuko kwao, anaitwa Nikephoros Phokas, jemadari aliyetoka kuwapokonya Waarabu kisiwa cha Krete. Mezani maneno yakawaka. Nikephoros akamwambia Liutprand: ninyi si Warumi, ninyi ni Walombardi (watu wa kaskazini mwa Italia)! Yule askofu, kwa simulizi yake mwenyewe, akajibu kwamba kwao wakitaka kumtukana mtu tusi la kukata na shoka humwita Mrumi, kwa maana neno hilo moja linabeba woga, uchoyo, uongo na uchafu wote.

Haikuishia hapo. Yeye akiwa bado huko, ikafika barua ya Papa Yohane XIII. Papa anaombea posa ifanikiwe, lakini kwenye anwani kamwandikia Nikephoros "kaisari wa Wagiriki", na Otto ndiye "kaisari wa Warumi". Ikulu ilitikisika. Wajumbe walioileta wakawekwa ndani. Liutprand alipobanwa akajitetea kwamba Papa hakuwa na nia mbaya, alidhani kwa kuwa mmebadili lugha, desturi na mavazi, basi na jina la Warumi mtakuwa hamlipendi tena.

Mwalimu, soma tena utetezi huo halafu usome aya yako ya pili. Lugha imebadilika, desturi imebadilika, kwa hiyo tuwape jina jingine. Hoja yako ina zaidi ya miaka elfu moja, na aliyeitoa mwanzo alikuwa anatetea kiti cha bwana wake.

Ndiyo tofauti na Zama za Mawe. Mtu wa mawe hakuwa na mrithi mahakamani. Hapa jina lilikuwa hati ya nyumba. Tangu Krismasi ya mwaka 800, Papa Leo III alipomvika taji Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, magharibi walikuwa na kaisari wao wa Warumi, na huwezi kuwa na hati mbili za kiwanja kimoja. Mmoja lazima aitwe mvamizi, au aitwe "Mgiriki".

#7 Kashata na Tangawizi

Posa iliisha vipi?

#8 Kasuku wa Bandarini

Liutprand alirudi mikono mitupu, na vitambaa vya zambarau alivyonunua wakamnyang'anya wakati wa kuondoka. Miaka minne baadaye, baada ya Nikephoros kuuawa, mtoto wa Otto alimuoa Theophano, jamaa wa kaisari mpya. Kwa hiyo ndoa ilifungwa, ugomvi wa jina ukabaki.

#9 Sharifu wa Mtoni

Assalaam alaykum. Ndugu zangu, Mwislamu wa pwani hii anayejua Qur'ani hahitaji kufundishwa jambo hili na Mjerumani. Sura ya 30 inaitwaje? Ar-Rum. Inafungua kwa kueleza kwamba Warumi wameshindwa katika nchi iliyo karibu, na kwamba ndani ya miaka michache nao watashinda. Warumi gani hao? Siyo Julius Kaisari. Ni hawa wa Konstantinopoli, waliopigwa na Waajemi mpaka wakapoteza Jerusalem mwaka 614, kisha chini ya kaisari wao Heraclius wakageuza vita na kufikia mwaka 628 Waajemi wakaomba amani. Waarabu wa Makka walifuatilia vita hivyo kama jirani anavyofuatilia ugomvi wa nyumba ya pili, na jina walilolitumia ni Rum tu.

Na katika hadithi iliyomo kwa Bukhari, barua ya Mtume (S.A.W.) kwa Hirqal (ndiye huyo Heraclius) inamtaja kama mkubwa wa Warumi. Jina la mtu katika barua ya kidiplomasia huandikwa kama mwenyewe anavyojulikana. Papa alishindwa adabu hiyo miaka mia tatu na ushei baadaye.

#10 Mwana wa Pate

Sharifu umenitangulia, lakini ya kwetu niachieni niseme mwenyewe.

Mwaka 1728 pale Pate, Bwana Mwengo wa Athumani alitunga utenzi mrefu, miongoni mwa tenzi kongwe kabisa za Kiswahili tulizonazo kwa maandishi. Wengine wauita Tambuka, wengine wauita Chuo cha Herekali. Herekali ndiye nani? Ndiye huyo Heraclius! Kisa ni vita vya Muta na Tabuk, mauti ya Jaafar, na Waislamu kumkabili mfalme wa Rumi. Historia yake ina chumvi ya utenzi, hilo lajulikana, majeshi yakutana pasipokutana. Ila tizamani: mshairi wa Pate, miaka 275 tangu Konstantinopoli kutekwa, hana Bizanti kinywani. Ana Rumi.

Kwa hiyo Kiswahili tulikuwa na jina sahihi. Tulilipokea kwa Waarabu waliolipokea kwa wenyewe. Kisha zikaja shule za Waingereza, na vitabu vya Waingereza, tukatupa letu tukaokota la Augsburg. Mie hili ndilo linalonikera, si Wolf. Wolf alikuwa akitafuta riziki.

Na si hilo tu. Waturuki walipoiteka nchi hiyo, jina la Rumi likawafuata wao. Wareno katika bahari hii yetu waliwaita Waturuki Rumes. Mir Ali Bey aliyekuja na merikebu za Kituruki pwani yetu miaka ya 1580, akaja kukamatwa Mombasa 1589, kwa kalamu za Wareno yeye na wenziwe ni Rumes.

#11 Mwalimu wa Zamu

@Mwana wa Pate hapo nimevua kofia. Nimefundisha Tambuka kwenye Fasihi na nimefundisha kuanguka kwa Konstantinopoli kwenye Historia, vyumba viwili vya darasa vinavyotazamana, na sijawahi kuwaambia wanafunzi kwamba Herekali wa kule ndiye Heraclius wa huku. Aibu yangu.

#12 Nondo ya Chuma

Mnapeana mikono mapema mno. Mimi nina swali ambalo hakuna aliyeligusa: nani hasa alijiona Mrumi? Kaisari na waandishi wake wa ikulu, sawa, hao wana faida ya kujiita wakubwa. Mkulima wa Kapadokia aliyekuwa anakamuliwa kodi alijali? Halafu dola ilikuwa mchanganyiko: Waarmenia, Waslavi, Wabulgaria, Wagiriki. Kaisari Basil I alitoka familia ya Kiarmenia. Hata Heraclius mnayemshangilia, watu wengi wanasema ukoo wake asili yake Armenia, na alipanda merikebu kwenda kuchukua ufalme kutokea Kartago, Tunisia ya leo, baba yake akiwa gavana wa Afrika. Huo ni "Urumi" wa namna gani? Mimi naona ni jina la dola tu, kama mtu wa koloni kuitwa raia wa Uingereza.

#13 Kasuku wa Bandarini

Swali zuri kuliko yote ya leo.

Kama Mrumi angekuwa mtu yeyote anayetawaliwa na kaisari, basi Wabulgaria waliomezwa na kaisari Basil II mwaka 1018 wangeitwa Warumi kesho yake. Hawakuitwa. Karibu miaka 170 waliishi ndani ya dola, na waandishi wa ikulu wakaendelea kuwaita Wabulgaria, mpaka wakaasi na kusimamisha ufalme wao tena. Maana yake neno lilikuwa na mipaka. Mrumi ni mtu wa lugha ile, kanisa lile, sheria ile, na wazazi waliojiita hivyo. Muarmenia aliweza kuwa Mrumi, kama Mmanyema alivyokuja kuwa Mzaramo wa Kariakoo: watoto wanazaliwa, wanasema lugha ya hapo, wanazikwa hapo, kizazi cha tatu kimeshasahau. Mwanahistoria Anthony Kaldellis ameisukuma hoja hii kwa nguvu miaka ya karibuni, kwamba Warumi hawa walikuwa taifa, siyo joho la ikulu tu. Wapo wanaompinga, na ubishi wao unafanana na wako.

Kuhusu mkulima: jina la ikulu hufa ikulu ikifa. Ikulu ya Konstantinopoli imekufa 1453. Jina lilikufa? Nasubiri yule baharia wetu aliyeko Piraeus aamke, aliwahi kugusia hili uzi mwingine.

#14 Baharia wa Piraeus

Nimeamka, nilikuwa zamu.

Niko Ugiriki mwaka wa kumi na tisa sasa. Rasmi hawa ni Ellines, yaani Wahelleni, nchi yao Ellada. Lakini kaa nao kwenye mvinyo, uwasikie wanavyojisema wenyewe: "sisi Romii" bwana, hivi ndivyo tulivyo, ujanja wetu, shida zetu, nyimbo zetu. Ellinas ni mtu wa gwaride na sanamu ya marumaru. Romios ni mtu wa jikoni. Nilidhani kwanza wanajiita watu wa Roma, nikacheka, nikaja kueleweshwa.

Kuna kisa kimoja wasomi wa hapa wanakipenda. Kisiwa cha Lemnos kilikuwa chini ya Waturuki mpaka 1912, manowari za Ugiriki zilipokuja kukichukua. Askari wakashuka, watoto wa kijiji wakakimbilia kuwatazama. Askari mmoja akauliza: mnatazama nini? Wakasema: tunawatazama Wahelleni. Kwani ninyi si Wahelleni? Wakajibu: hapana, sisi ni Warumi. Mmoja wa watoto wa kisiwa hicho, Peter Charanis, alikulia kuwa profesa Marekani wa historia ya hiyo dola, na ndiye aliyekisimulia.

Watoto wa wavuvi hao, Nondo. Mwaka 1912. Ikulu ipi iliwatuma?

#15 Nondo ya Chuma

Hicho kisa kimenipiga. Narudi kukaa.

Ila kwa nini Wagiriki wenyewe walilitupa jina?

#16 Mwalimu wa Zamu

Hapa ni somo langu. Kwa karne nyingi neno "Hellene" kwa Wakristo hawa lilikuwa tusi dogo, lilimaanisha mpagani, mwabudu sanamu za kale. Baada ya maafa ya 1204 ndipo baadhi ya wasomi, hasa kwenye ufalme wa uhamishoni Nikaia, walianza kulifufua kwa fahari. Karne ya 15 mwanafalsafa Gemistos Plethon alimwandikia kaisari kwamba sisi kwa asili ni Wahelleni. Lakini hao walikuwa wachache.

Mapinduzi ya 1821 ndiyo yaliyobadili mambo. Taifa jipya lilihitaji mizinga na mikopo ya Ulaya, na Ulaya ilikuwa na mapenzi na Plato, haikuwa na mapenzi na Justiniano. Mwandishi Mfaransa Montesquieu na wenzake walikuwa wamekwisha wachora Warumi hawa wa zama za kati kama watu wa fitina na ubishi wa dini. Ukitaka kusaidiwa, unajitambulisha kwa babu anayependwa. Ndivyo Mrumi alivyokuwa Mhelleni kwenye karatasi.

Na niongeze jambo linalomkata Kasuku nusu na kumsaidia nusu. Wolf hakubadili lolote peke yake. Kitabu chake kilikaa, wasomi wa Ufaransa chini ya Louis XIV wakalichukua neno hilo kwa machapisho yao, lakini Wazungu wengi waliendelea kusema "dola ya Wagiriki" mpaka karne ya 19. Mwanahistoria Mwingereza Gibbon mwenyewe, aliyewadharau hawa watu kweli kweli, historia yake ya anguko la dola ya Warumi aliivuta mpaka 1453. Dharau yote ile, na bado hakuthubutu kuwaondoa kwenye jina. Huyo Kaldellis anaeleza kwamba "Bizanti" ilishika kasi katikati ya karne hiyo, karibu na vita vya Crimea vya 1853 hadi 1856: "dola ya Wagiriki" sasa ilinukia siasa, maana ilionekana kama kumpa Mgiriki, na nyuma yake Mrusi, madai juu ya Istanbul. Jina lisilo la mtu yeyote aliye hai likafaa.

Kwa hiyo hati ya nyumba ilinyang'anywa mara mbili. Kwanza wakaambiwa ninyi si Warumi, ni Wagiriki. Kisha wakaambiwa hata Wagiriki si ninyi.

#17 Kasuku wa Bandarini

Mwalimu, mwanzo ulikuja kunipunguzia kasi!

#18 Binti wa Kagera

Nimesoma kimya toka asubuhi. Mimi ni Mwothodoksi, tupo Bukoba, tupo Kenya, tupo Uganda, ingawa kila nikijitambulisha naulizwa kama hilo ni dhehebu jipya. Kanisa letu liko chini ya Patriarki, yaani askofu mkuu, wa Aleksandria na Afrika yote. Jina la patriarki hiyo kwa Kiarabu linasema "ar-Rum al-Urthudhuks", Warumi Waothodoksi. Siria na Lebanon wapo Wakristo Waarabu, lugha yao Kiarabu tupu, wanajiita Rum mpaka leo. Na Patriarki wa Konstantinopoli, Waturuki wanaiita ofisi yake ya Rum.

Kwa hiyo jina bado linatumika ofisini, na kwa njia ya kanisa hata mimi Mhaya nina kipande chake kidogo. Sisemi nidai urithi, msiniletee wanasheria.

#19 Mangi Mtulivu

Kwa hiyo Binti wa Kagera ndiye Mrumi, na wale wa RC ni Waroma. Naanza kuelewa na kuchanganyikiwa kwa wakati mmoja.

Na yule Rumi wa mashairi ya mapenzi mnayobandika hali ya WhatsApp?

#20 Sharifu wa Mtoni

Jalal al-Din. Kazaliwa upande wa Balkh, lugha yake ya ushairi Kiajemi, lakini makazi na mauti yake (1273) ni Konya, Anatolia. Nchi hiyo Waturuki wa Seljuk waliitwaa kwa Warumi baada ya vita vya Manzikert mwaka 1071, na usultani wao wakauita wa Rum. Basi aliyekaa Rum ni Rumi. Hata Sultani Mehmed alipouteka mji 1453 alijiita Kaisari wa Rum. Mshindi hakutaka jina la aliyeshindwa lipotee, alilivaa.

#21 Kasuku wa Bandarini

Na Moscow nao hawakukaa kando. Ivan III alimuoa Zoe, mpwa wa kaisari wa mwisho, mwaka 1472, na baadaye mtawa mmoja akaandika kwamba Moscow ni Roma ya tatu na ya nne haitakuwepo. Jina ambalo kila mtu alilitaka, wakanyimwa wenyewe tu.

Kuhusu Istanbul, kuna jambo dogo linanifurahisha. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba neno hilo limetokana na Kigiriki "is tin Poli", yaani kwenda Mjini. Mji ulikuwa mkubwa kiasi cha kutohitaji jina. Wazanzibari mnielewe hapo: mtu wa shamba akisema "nakwenda mjini" hakuna anayemuuliza mji gani.

#22 Mwana wa Pate

Turudi kwa Kiswahili. Tunawaita Wagiriki kwa njia ya Wazungu. Biblia inawaita Wayunani kwa njia ya Waarabu. Wenyewe hawajiiti hili wala lile. Rumi ndilo neno pekee tulilo nalo ambalo mwenyewe akilisikia ageuka. Mie napendekeza tuandike Dola ya Rumi, ama Rumi ya Mashariki panapohitaji kutenga, na Bizanti tuliachie majengo na michoro ya makanisa.

#23 Nondo ya Chuma

Rumi ya Mashariki sawa hadi 476. Baada ya hapo mashariki ya nini, wakati magharibi hakuna?

#24 Mwana wa Pate

Hapo umenishika. Rumi tu, basi.

#25 Kijana wa Kasuku

Habari za jioni wakubwa. Baba amelala na simu ameiacha wazi. Mimi ndiye mwenye daftari. Nina mtihani Jumatatu. Niandike lipi?

#26 Mwalimu wa Zamu

Andika Bizanti upate alama zako, mwanangu. Kisha pembeni, kwa mwandiko mdogo, andika Rumi. Msahihishaji akiikata, mwambie baba yako afungue uzi mwingine.

#27 Kashata na Tangawizi

Na mrudishie baba simu kabla hajaamka.